Moshi wa Babu, Kifua cha Mjukuu

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 msomaji wa majarida ya Marekani alikutana mara kwa mara na watoto wachanga wenye mashavu manono wakitangaza sigara za Marlboro. Katika tangazo moja mtoto anamwambia mama yake kwamba, kabla hajamgombeza, afadhali awashe kwanza Marlboro. Katika jingine anafurahia kumwona mama anavyoifaidi sigara yake. Kampuni ililipia kurasa hizo kwa kuwa ilijua wasomaji wangetabasamu. Nchini humo humo baba aliyejaliwa mtoto aligawa biri kwa ndugu na wafanyakazi wenzake, na wanaume waliosubiri hospitalini wake zao wajifungue walivuta mfululizo hadi muuguzi alipotoka na habari njema.

Leo mama mwenye mtoto wa wiki tatu anaweza kumwambia shemeji yake, “Samahani shem, hapa kuna mtoto,” na shemeji akatoka na sigara yake hadi uani. Kauli hiyo fupi imechukua karne kadhaa kupata nguvu. Waliompa mama nguvu hiyo ni madaktari waliokaa na kuhesabu vitanda vya watoto wagonjwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka hesabu ikawa nzito kuliko desturi.

Malalamiko juu ya moshi ni ya zamani kuliko sigara yenyewe. Mwaka 1604 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alichapisha kijitabu cha kuishambulia tumbako, akilaani uvundo wake mezani na kumwonea huruma mke ambaye mumewe anamlazimisha kuishi ndani ya harufu hiyo. Hata mfalme, basi, aliona kwamba mvutaji hakai peke yake nyumbani. Lakini hoja yake kuhusu mke huyo ilikuwa karaha na utovu wa adabu. Mtu aliyechukizwa na moshi alihesabiwa kuwa na pua nyepesi, na pua nyepesi haikumshinda mwenye nyumba.

Afrika Mashariki ilipata tumbako baada ya Wareno kuvuka bahari nayo kutoka bara la Amerika. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika mwaka 1857 na 1858, aliikuta ikistawi katika sehemu zenye rutuba. Watu waliivuta kwa kiko na kwa buruma, waliinusa kama ugoro, na pwani waliitia ndani ya tambuu pamoja na popoo na chokaa. Ilikuwa na heshima zake. Mzee alikaribishwa kwa ugoro, na katika jamii kadhaa za bara tumbako ilikuwamo katika vitu vinavyopelekwa kwa wazee wakati wa posa.

Mtoto naye alikuwa na kazi yake katika heshima hiyo: kutumwa jikoni kuleta kaa la moto ili babu awashe kiko. Vizazi vilivyofuata vilitumwa dukani kununua sigara mbili, maana maduka ya mtaani huziuza moja moja, na kurudi na kiberiti. Hapo ndipo penye mzizi wa ugumu wa jambo hili. Mtu aliyelelewa kumpelekea mzee moto anapata wapi mdomo wa kumwambia auzime?

Mashine iliongeza uzito. Kabla ya miaka ya 1880 sigara zilisokotwa kwa mkono, na msokotaji hodari alitoa elfu chache kwa siku. James Bonsack, kijana wa Virginia, alibuni mashine iliyofikia zaidi ya laki moja kwa siku. Sigara zikawa rahisi, na kampuni zikatafuta vinywa vya kuzimaliza. British American Tobacco iliundwa mwaka 1902 na baada ya miaka mitano ikawa inauza Afrika Mashariki. Kiwanda cha Jinja kilianza mwaka 1928, na kampuni iliyokuja kuwa Tanzania Cigarette Company ilianzishwa mwaka 1961. Kiko cha babu kiliwashwa baada ya chakula na kuwekwa. Pakiti ya sigara ilikaa mfukoni kutwa, ikaingia chumbani, kwenye gari, hadi kando ya kitanda cha mzazi.

Serikali zilipomfikiria mtoto, zilimfikiria kama mvutaji. Sheria ya Watoto ya Uingereza ya mwaka 1908 ilipiga marufuku kuwauzia tumbako walio chini ya miaka 16. Mtoto asiyeshika sigara, ila anayelala katika chumba ambamo wazazi wanavuta, hakuwa katika fikra za mtunga sheria. Hata mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walipoonyesha jinsi uvutaji unavyofungamana na saratani ya mapafu, mgonjwa waliyemtazama alikuwa mvutaji mwenyewe. Wako waliotazama pembeni mapema zaidi, kama daktari Mjerumani Fritz Lickint, ambaye katika miaka ya 1930 aliandika juu ya watu wanaovuta moshi wa wenzao bila kupenda. Sauti yake haikufika mbali.

Mwaka uliobadili mambo ni 1974, na habari zake zinastahili kusimuliwa taratibu.

Katika mwaka huo jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha tafiti mbili zilizofanywa na watu tofauti katika nchi tofauti. Ya kwanza ilitoka Jerusalem Magharibi. Susan Harlap na Michael Davies walikuwa na kumbukumbu za watoto 10,672 waliozaliwa kati ya 1965 na 1968. Wakati wa ujauzito mama zao walikuwa wameulizwa kama wanavuta. Baadaye watafiti walifuatilia ni watoto gani waliolazwa hospitalini. Watoto wa mama wavutaji walilazwa kwa nimonia na mkamba zaidi ya wenzao kwa asilimia 27.5, na kadiri mama alivyovuta sigara nyingi ndivyo mtoto alivyozidi kulazwa.

Ya pili ilitoka Harrow, kaskazini-magharibi mwa London. John Colley na wenzake walifuatilia watoto zaidi ya 2,000 waliozaliwa kati ya 1963 na 1965. Waliwauliza wazazi wote wawili, baba na mama, na kila mwaka wakauliza mtoto ameugua nini. Matokeo yalipangika kwa namna ambayo hata asiyesoma takwimu anaielewa. Pale ambapo hakuna mzazi anayevuta, waliougua nimonia au mkamba katika mwaka wa kwanza walikuwa wachache. Mzazi mmoja alipovuta, idadi ilipanda. Walipovuta wote wawili, ilizidi maradufu ile ya kwanza. Baada ya mwaka wa kwanza tofauti hiyo ilififia. Mtoto mchanga ndiye aliyekuwa akilipa zaidi.

Sababu ziko katika mwili wake. Mtoto mchanga hupumua mara 40 hivi kwa dakika, mtu mzima mara 12 hadi 20, kwa hiyo kwa uzito wake huvuta hewa nyingi zaidi ya mvutaji aliyekaa naye. Mirija yake ya hewa ni myembamba, na uvimbe mdogo tu huibana. Mapafu yake bado yanakua. Tena hawezi kuinuka akaenda nje. Mgeni mzima anayekerwa na moshi atahamia barazani; mtoto wa miezi minne analala pale pale alipolazwa, juu ya mkeka wa sebuleni, mpaka mtu ambebe.

Kampuni za tumbako zilielewa hatari ya hesabu hizi mapema kuliko familia nyingi. Mwaka 1978 shirika la kura za maoni la Roper liliiambia taasisi ya kampuni hizo nchini Marekani kwamba imani ya umma juu ya madhara ya moshi kwa wasiovuta ndiyo tishio kubwa kuliko yote yaliyowahi kuikabili biashara yao. Hofu hiyo ilikuwa na mantiki. Mtu anaweza kusema afya yake ni yake na akafa atakavyo, lakini hawezi kusema hivyo juu ya pafu la mjukuu. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama wa Japani alipoonyesha kwamba wake wasiovuta wa waume wavutaji walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu, kampuni zilitumia fedha nyingi kupandikiza mashaka juu ya kazi yake. Hata hivyo matokeo yake hayakutikisika.

Kilichobaki kilikuwa utetezi wa nyumbani, ule unaosikika mpaka leo: “Mimi huvuta pembeni, mtoto hapati kitu.” Jibu lilitoka mdomoni mwa watoto wenyewe. Mwili ukipokea nikotini huigeuza kuwa kotinini, ambayo hukaa siku kadhaa na hupimika katika mate. Mwaka 1985 Martin Jarvis na wenzake walichapisha vipimo vya wanafunzi 569 wa Uingereza wasiovuta. Kiwango cha kotinini katika mate yao kilifuata wazazi wao: kidogo pale ambapo hakuna anayevuta, kikubwa zaidi pale ambapo baba na mama wote wanavuta. Kijiti cha pamba kilichotafunwa na mtoto kiliweza sasa kueleza yanayotendeka sebuleni kwao.

Baada ya hapo ushahidi ulikuja kwa kasi. Kati ya 1987 na 1990 utafiti mkubwa wa New Zealand kuhusu watoto wanaofariki ghafla usingizini uliutaja uvutaji wa mama miongoni mwa hatari kuu, pamoja na kumlaza mtoto kifudifudi. Mwaka 1986 ripoti ya C. Everett Koop, Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, ilieleza kwamba watoto wa wazazi wavutaji huugua kifua zaidi. Shirika la mazingira la nchi hiyo lilikadiria, katika ripoti yake ya mwaka 1992, kwamba kila mwaka moshi wa wakubwa ulisababisha maambukizi ya kifua kati ya 150,000 na 300,000 kwa watoto wasiozidi miezi 18 nchini Marekani pekee. Usaha wa masikio na mashambulizi ya pumu vikaongezwa kwenye orodha. Mwaka 2006 ripoti nyingine ya Daktari Mkuu ilifunga mjadala wa dirisha: hakuna kiwango cha moshi kisicho na hatari, na kufungua dirisha au kuwasha feni hakuondoi madhara. Hesabu ya dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2011, kwa takwimu za 2004, ilikadiria kwamba asilimia 40 ya watoto wote walikuwa wakipumua moshi wa watu wengine, na kwamba watoto wapatao 165,000 walikufa kwa sababu hiyo mwaka huo.

Sheria zilifuata, lakini zilianzia nje ya nyumba: ofisini, kwenye mabasi, mikahawani. Wengi waliogopa kwamba mvutaji akifukuzwa baa atakwenda kuvutia nyumbani mbele ya wanawe. Scotland ilipiga marufuku uvutaji katika majengo ya umma Machi 2006. Watafiti wa huko wakatazama vitabu vya hospitali. Kabla ya sheria, watoto waliolazwa kwa pumu walikuwa wakiongezeka kwa asilimia 5 hivi kila mwaka. Baada yake wakaanza kupungua kwa asilimia 18 kwa mwaka. Watu waliozoea kutoka nje kazini walianza kutoka nje nyumbani pia. Adabu mpya ilijifunzwa mahali pa umma ikaingia sebuleni bila askari kuisindikiza.

Gari ndilo lililokuwa daraja kati ya umma na nyumba. Arkansas ilikataza mwaka 2006 kuvuta ndani ya gari lenye mtoto mdogo. Afrika Kusini, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2007, ilikataza kuvuta katika gari lenye mtoto wa chini ya miaka 12. England ilifuata tarehe 1 Oktoba 2015, kwa watoto wote walio chini ya miaka 18.

Tanzania ilitunga sheria yake ya tumbako mwaka 2003, Kenya mwaka 2007, Uganda mwaka 2015; hiyo ya Uganda inamtaka mvutaji akae mita 50 kutoka mahali pa umma. Zote zinahusu hasa mahali pa watu wengi. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2014 ulikuta watu wazima milioni 2.5 wanaotumia tumbako, yaani asilimia 11.6, na karibu mtu mzima mmoja kati ya saba alisema hupata moshi wa sigara nyumbani kwake. Ni idadi ndogo ukilinganisha na nchi nyingi, na ndiyo sababu inapuuzwa kirahisi. Kwa mtoto aliyezaliwa katika nyumba hiyo moja, asilimia ya taifa haimsaidii.

Kwa hiyo ombi limebaki mdomoni mwa mama, na mara nyingi mama huyo ni mkamwana. Ndani ya arobaini, wakati yeye na mtoto hawatoki nje, nyumba hujaa wageni: wajomba, mashangazi, marafiki wa baba mkwe waliokuja na pongezi na sabuni. Ndiyo majuma ambayo pafu la mtoto ni changa kuliko wakati mwingine wowote, na ndiyo majuma ambayo mwanamke mgeni katika ukoo ana sauti ndogo kuliko wote. Hakuna haki katika kumwachia yeye peke yake kazi ya kumnyamazisha mzee mwenye nyumba.

Familia zenye busara hazimwachii. Mume humwendea baba yake mapema, faraghani, kabla mtoto hajaletwa nyumbani. Mahali ambapo mwana na baba hawazungumzi kwa wepesi, shangazi hubeba ujumbe, au bibi mwenyewe, ambaye anaweza kumwambia mumewe maneno ambayo mwingine hawezi. Mkamwana akilazimika kusema, husema kwa njia iliyozoeleka: “Shikamoo baba. Mjukuu wako kifua kinambana. Daktari kasema asipate moshi kabisa, na mimi naogopa.” Maneno hayo hayamshtaki mzee. Yanampa nafasi ya kuwa mlinzi wa mjukuu, na wazee wengi huipokea. Lile neno “daktari kasema” lina uzito wa Harrow na Jerusalem nyuma yake, hata kama hakuna anayeyajua majina hayo pale barazani.

Majibu ya mzee hayakosi hoja. Atasema amewalea wanawe saba katika moshi huo huo na wote wazima. Ni kweli kwamba watoto wengi hupona. Walioko barazani kutoa ushahidi ndio waliopona. Atasema pia kwamba jikoni kuna kuni na mkaa, na huo nao ni moshi. Hapo ana haki kubwa kuliko anavyodhani. Moshi wa kuni huongeza sana hatari ya nimonia kwa watoto wadogo, na mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mama anayepuliza moto anaupata wote. Lakini pafu linalobeba moshi wa kuni halina nafasi ya kuongezewa wa sigara. Nyumba inayohamishia jiko barazani na sigara nje ya ua inamtendea mtoto jambo moja lile lile.

Kutoka nje kunasaidia kwa kiasi gani? Mwaka 2004 Georg Matt na wenzake wa San Diego walipima vumbi, hewa na mikojo ya watoto wachanga katika nyumba za aina tatu. Watoto ambao wazazi wao walivuta nje walipata nikotini kidogo sana kuliko wale wa wazazi waliovuta ndani. Hata hivyo walipata mara kadhaa zaidi ya watoto wa nyumba zisizo na mvutaji. Moshi huingia na mtu: umo katika koti, nywele, ndevu, vidole. Hutua kwenye makochi, mapazia na vyandarua, na mtoto anayetambaa huupata mikononi, kisha mdomoni. Ndiyo maana ombi la siku hizi ni refu kuliko la zamani. Babu anaombwa avutie mbali na mlango na madirisha, anawe mikono, abadili shati au avue koti la nje, ndipo ampakate mjukuu. Katika gari asivute kabisa, hata siku mtoto hayumo.

Huko Boston, daktari wa watoto Jonathan Winickoff alijenga mpango wa kuwasaidia wazazi kuacha sigara juu ya jambo dogo. Mzazi mvutaji huenda asione daktari wake mwenyewe kwa miaka, ila mtoto wake hupelekwa kliniki mara nyingi katika mwaka wa kwanza. Basi kliniki ya watoto ndiyo imuulize mzazi kama anavuta, na pale pale imsaidie kuacha, kwa dawa na ushauri. Afrika Mashariki ina njia hiyo tayari. Mama huenda na kadi ya kliniki mwezi baada ya mwezi; mtoto hupimwa uzito, huchomwa chanjo, mama huulizwa kuhusu maziwa na chandarua. Swali la nani anavuta nyumbani linaweza kuulizwa kwenye benchi hilo hilo, na muuguzi akaandika kikaratasi cha kumpelekea babu chenye muhuri wa zahanati. Gharama yake ni dakika moja na wino, na mkamwana atarudi nyumbani akiwa na karatasi mkononi badala ya kuwa na maneno yake matupu.